Kampuni za "kumtafutia mtoto skolashipu ya voliboli" Marekani: wazazi tunachunwa mchana kweupe

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Hili limenikaa kooni tangu msimu uliopita na leo sinyamazi tena. Naandika hasa kwa ndugu mlioko huku Marekani wenye mabinti wanaocheza voliboli sekondari, na kwa mlioko nyumbani mnaorushiwa matangazo WhatsApp kwamba mtoto akirekodi video tu, chuo bure.

Binti yangu yuko darasa la 11, yaani mwaka wa tatu kati ya minne ya sekondari ya huku, tunaishi Texas. Anacheza kati, anaruka vizuri, darasani hana shida. Alipokuwa darasa la 9 tulipigiwa simu na kampuni moja, jina naliacha. Dada wa upande wa pili, sauti ya upole, akaniambia makocha wa vyuo vikubwa wameanza kumuulizia mtoto na tusipowahi nafasi zitajaa. Tukalipa. Ni maelfu ya dola, kwa mafungu, pesa ya shifti za usiku za mama yake.

Sasa sikilizeni. Kwa sheria za NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kocha wa Divisheni ya Kwanza (ngazi yake ya juu kabisa) haruhusiwi kumpigia mchezaji wa voliboli, kumwandikia ujumbe wala kuongea naye habari za usajili mpaka 15 Juni, baada ya mtoto kumaliza darasa la 10. Ziara ya kutembelea chuo kwa gharama ya chuo chenyewe inaanza 1 Agosti kabla ya darasa la 11. Sheria hii iko wazi, kampuni inaijua kuliko mimi, na hakuna aliyeitaja hata mara moja siku ile tunatoa kadi ya benki.

Kabla ya tarehe hiyo chuo kinaruhusiwa kutuma vitu kama fomu za maswali na matangazo ya kambi. Hapo ndipo wanapotunasa. Barua inakuja na nembo ya chuo, jina la mtoto limeandikwa vizuri, eti "tumevutiwa na mchezo wako, karibu kwenye kambi yetu." Mtoto analala na barua chini ya mto. Kambi ni ya kulipia, na ndani unakuta wasichana wamejaa uwanja mzima, wote wamepata barua hiyohiyo. Mwenzake wa timu, ambaye ni libero (mchezaji wa ulinzi wa nyuma), alipata inayosifia bloku zake, yaani kuzuia mpira kwenye neti. Wanaojua mchezo huu wanajua libero haruhusiwi kupiga bloku kwa mujibu wa sheria! Aliyeandika ile barua hajawahi kumwona yule mtoto akigusa mpira.

Na ile kazi tuliyoilipia kampuni? Binti alinionyesha nakala ya barua pepe waliyokuwa wakiwatumia makocha kwa niaba yake. Haina urefu wake, haina namba ya jezi, haisemi atacheza uwanja namba ngapi wala saa ngapi kwenye mashindano yajayo. Kocha anaingia ukumbi wenye viwanja kadhaa vimepangwa ubavu kwa ubavu, filimbi zinalia kila upande, anakaa mwisho wa uwanja na tableti yake pointi chache kisha anahamia kwingine. Bila hayo maelezo atampataje mtoto wako? Hiyo barua angeiandika binti mwenyewe, tena vizuri zaidi.

Gharama za klabu (timu za nje ya shule) sizitaji sana, mnazijua: ada, jezi, safari, na ule utaratibu wa mashindano unaolazimisha timu kulala kwenye hoteli zilizo kwenye orodha ya waandaaji, hata kama una shangazi dakika kumi kutoka ukumbini.

Kilichoniuma kuliko pesa ni masomo. Divisheni ya Kwanza inataka masomo ya msingi 16 na wastani wa alama (GPA) usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4.0. Kati ya hayo, 10 yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, na 7 kati ya hayo 10 yawe Kiingereza, hesabu au sayansi. Kila shule ina orodha yake ya masomo yanayokubalika NCAA, iko mtandaoni, bure. Shule ilimhamishia mtoto kwenye darasa la hesabu lisilo kwenye orodha. Kampuni ilikuwa na ripoti za masomo za mtoto muda wote, na "mshauri" wetu hakuona kitu. Ni kocha wa klabu aliyeuliza, na msimu huu wa joto binti anasoma kufidia wakati wenzake wanacheza.

Halafu hiyo skolashipu yenyewe. Walituimbia "full", yaani skolashipu kamili, kila simu. Divisheni ya Tatu haitoi skolashipu ya michezo hata senti. Divisheni ya Kwanza zamani timu ya wasichana ilikuwa na kikomo cha skolashipu 12 kamili. Tangu makubaliano ya kesi ya House (wanamichezo wa vyuo dhidi ya NCAA kuhusu malipo) yalipopitishwa Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo vina kikomo cha wachezaji 18 na pesa inaweza kugawanywa vipandevipande. Na kocha wa chuo anaweza kumchukua mchezaji wa miaka 20 aliyehamia kutoka chuo kingine akamwacha wa kwako. NAIA (chama kingine cha michezo ya vyuo, chenye vyuo vidogo zaidi) na vyuo vya miaka miwili vinatoa pesa pia, na watoto wengi wamesomea huko. Hakuna aliyetutajia, nadhani kwa sababu huko unaweza kumwandikia kocha mwenyewe na akajibu.

Nimeomba kurudishiwa pesa. Wananijibu kwamba mkataba unasema wametoa "huduma ya kuonekana". Kuonekana na nani, hawasemi.

Naomba kutoka kwenu: aliyewahi kudai na kurudishiwa, alianzia wapi, benki au mwanasheria mkuu wa jimbo? Na wenye mabinti darasa la 8 na la 9, kabla hamjasaini chochote wekeni mkataba hapa, futeni majina, tuusome pamoja.