Naomba ushauri: timu yangu ya kikapu huishiwa nguvu robo ya nne
Walimu na makocha wenzangu, ninafundisha mpira wa kikapu katika shule ya sekondari ya wasichana nchini Kenya, na msimu huu, kwa mara ya kwanza, tumevuka ngazi ya kaunti ndogo na ya kaunti katika michezo ya muhula wa kwanza, na sasa tunajiandaa kwa mashindano ya kanda, ambayo bingwa wake huenda taifani.

Shida yangu ni benchi. Nina wachezaji 12, lakini ninaowategemea ni 7, na katika kaunti tulicheza mechi mbili kwa siku moja, juani, kwenye uwanja wa saruji. Hadi robo ya tatu tunakaba mtu kwa mtu uwanja mzima. Ikifika ya nne miguu imechoka, mikono ndiyo inayolinda, na tukishafikisha faulo 4 za timu, kila kosa jingine la ulinzi huwapa wapinzani mitupo huru 2. Fainali tuliishinda kwa pointi moja tu, mchezeshaji wetu mkuu akiwa ameshatolewa kwa faulo 5. Alilia sana, na bado linaniuma.

Je, nianze na ulinzi wa eneo, yaani kila mchezaji alinde sehemu yake ya uwanja badala ya mtu wake, na kuuweka ukabaji ule kwa robo ya mwisho, au niwape wale 5 wa akiba dakika nyingi tangu mapema, hata ikitugharimu pointi? Zimebaki wiki mbili. Aliyewahi kuiongoza timu changa katika ngazi ya kanda naomba anieleze pia aligawaje mazoezi na mapumziko, kwani mabinti hawa wana prepu kila jioni.