Nimelipia kuondoa matangazo kwenye gemu, wamefanya apdeti wakayarudisha kwa jina la "zawadi". Huu ni wizi

Mwadila wakuu,

Humu huwa nasoma tu na kusepa ila leo nimeshikwa pabaya, acheni niteme nyongo, na wale wa "si gemu tu hiyo mkuu" naomba mpite kimyakimya uzi huu sio wenu.

Mnazijua zile gemu za kupanga vitatu vya rangi moja vinapasuka, ukipanga vinne unapewa roketi inafagia mstari mzima, vitano unapewa bomu. Hii ninayoilalamikia ni ya aina hiyo ila ina na safari ndani yake, kuna binti anamtafuta baba yake kapotelea msituni kwenye mahekalu ya kale, anatembea na kasuku mmoja mdomo mrefu, ukimaliza levo kadhaa lango linafunguka unajua mzee kapita wapi. Jina siandiki, anayeicheza kashamjua kasuku.

Sasa mimi ni mtu wa kuvuka. Nabeba nguo za watoto na madera nachukua hapa Makoroboi, Mwanza, napeleka Nansio kisiwani Ukerewe, na mnaojua meli ya Ukerewe mnajua ni masaa matatu na ushee ya kukaa tu, wenzetu wa Sengerema tangu Juni 2025 wana daraja lao pale Kigongo wanapita na gari kama wako barabara ya Nyerere, sisi bado tuko majini. Mkishaacha mji nyuma mtandao unakuja unakata unakuja unakata, WhatsApp haifunguki, kuongea na jirani wa kiti nako kuna mwisho. Hiyo gemu ndo ilikuwa mwenzangu. Ilikuwa inacheza bila data hata chembe, unazima data kabisa unapanga mawe yako mpaka Nansio. Na niseme ukweli waliitengeneza vizuri, rangi safi, zile ngoma za chini chini ukiingia hekalu jipya tamu sana, hadithi nayo ilikuwa na utamu wake mpaka mama mmoja muuza dagaa wa Kirumba Mwaloni aliyekuwa anakaa jirani yangu safarini akawa ananiuliza "vipi, baba yake kapatikana?"

Matangazo yalikuwepo ukiwasha data, kila baada ya levo moja mbili. Wakaleta ofa, lipa mara moja tu ondoa matangazo yote. Nikalipa kwa salio la simu. Sio hela ya kutisha ila ni hela, ni faida ya madera kadhaa ile, na sikulazimishwa, nililipa kwa roho safi kwa sababu kazi nzuri ilipwe. Miezi ikaenda raha mustarehe.

Halafu ikaja apdeti.

Kwanza sasa hivi haifunguki bila mtandao. Unaifungua inazungusha kale kaduara, inakwambia angalia muunganisho wako. Kisa eti kuna mashindano ya timu na orodha ya wachezaji bora duniani. Nani aliomba mashindano? Mimi nataka kumpata yule mzee msituni, sishindani na mtu wa Brazili.

Pili malango ya hadithi. Zamani ulikuwa unafungua kwa nyota ulizozipata kwa kucheza vizuri, ukicheza vibaya unarudia mpaka kieleweke. Sasa wameweka funguo. Funguo unazipata wapi? Unanunua, au UNAANGALIA TANGAZO. Mioyo, yaani zile nafasi zako za kucheza, ikiisha? Subiri, au angalia tangazo. Unataka busta, yaani kisaidizi cha kuvuka levo? Angalia tangazo. Nikasema hapana bwana mimi nililipia, nikawaandikia huduma kwa wateja, jibu likaja haraka mno mpaka nikajua hili sio la binadamu, kwa kifupi wanasema nilicholipia ni kuondoa matangazo ya lazima, haya mengine ni matangazo ya zawadi na mchezaji anaangalia kwa hiari yake.

Kwa hiari yangu!! Umefunga mlango, umeweka tangazo mlangoni, halafu unaniambia nimechagua mwenyewe. Wakati nalipia hayo mambo ya funguo hayakuwepo. Mmebadilisha masharti hela yangu ikiwa mfukoni kwenu.

Sasa njooni kwenye levo zenyewe maana huko ndo kuna ufundi wa wizi. Kuna moja niko nayo sasa hivi nimekwama, ina barafu pembeni na minyororo katikati, unaanza vizuri kabisa, roketi zinatoka, mabomu yanatoka, unajiona leo leo. Zikibaki hatua tatu imebaki barafu MOJA tu, kona ya chini kushoto, inataka mawe ya bluu. Basi kuanzia hapo juu kunashuka nyekundu, kijani, njano, nyekundu, njano, bluu imesafiri. Hatua zinaisha. Kasuku anatokea analia machozi, kitufe kikubwa cha kijani kinadundadunda "endelea, hatua tano kwa sarafu", na cha kukataa wamekiweka chini kidogo cha kijivu, maandishi utafikiri hawataki uyasome. Ukikigusa hicho cha kijivu hakikuachii, kinakuuliza tena una uhakika unataka kumwacha binti peke yake? Yaani wananitia na hatia juu.

Hapa kuna mtu atasema mawe yanashuka kwa bahati nasibu. Sawa. Ila levo inapangwa na mtu, hatua ngapi inapangwa na mtu, rangi ngapi ziwepo inapangwa na mtu, ongeza rangi moja tu kwenye ubao uone ugumu unavyopanda. Kila siku nibakize kimoja? Kubakiza kimoja ndo kunamfanya mtu anunue, ukibakiza kumi unazima simu unalala.

Haya, matangazo yenyewe. Video ya nusu dakika, nyingine inaisha halafu inaanza nyingine, halafu unakuja ukurasa wa "pakua sasa", ndo unaanza kutafuta alama ya kufunga, iko kona, ndogo kama punje ya mtama, ukikosea milimita unatupwa dukani kwa apu. Kuna moja alama ya kufunga ilikuwa ya kuchorwa tu, sehemu ya picha!

Na yote hayo yanakula bando LANGU. Juzi nilinunua bando la wiki, siku ya tatu ujumbe unaingia bando limekwisha, nikajua kampuni ya simu imeniibia nikawa tayari kwenda kupigana. Nikaingia seting za simu, matumizi ya data, nakuta gemu imekaa namba moja, juu ya WhatsApp, juu ya kila kitu. Na siku hiyo ndo mteja wa Nansio ananitumia picha za saizi za magauni anayotaka, picha hazifunguki, nimeshusha mzigo wa saizi zingine. Sasa jumlisheni wenyewe, nimelipa kuondoa matangazo, nalipa bando la kuyaangalia, wao wanalipwa na wenye matangazo. Nalipa mara mbili wanakula mara mbili.

Kuna hili nalo lilinipandisha presha. Mtoto wa dada yangu yuko darasa la tatu, wikiendi alikuja nyumbani Buzuruga, nikampa simu acheze kidogo, gemu ya kasuku na mawe ya rangi mtu mzima gani atahofia. Nasikia sauti ya mwanamume inapiga kelele "weka mkeka wako leo". Tangazo la kubeti. Kwenye gemu yenye kasuku. Mtoto ananiuliza "mjomba mkeka ndo nini?" Nimjibu nini sasa? Dada yangu mlokole, alikuwa jikoni anasikia, aliniangalia jicho lile mnalolijua.

Halafu matangazo mengi ni uongo wenyewe kwa wenyewe. Kuna yale unaona jamaa amebanwa kati ya moto na maji, unavuta vijiti vya chuma umuokoe, anayecheza anakosea makusudi mpaka damu inachemka unasema ngoja nimuoneshe. Unapakua, MB zinaenda, unafungua unakuta nini? Kupanga vitatu! Vijiti havipo au utavikuta mbele huko mara moja moja. Na msidhani ni kelele zangu za Mwanza, Uingereza ile mamlaka yao ya matangazo ASA ilishayapiga stop mwaka 2020 matangazo mawili ya hivyo ya kampuni ya Playrix, ya Homescapes na Gardenscapes, ikasema yanapotosha kwa sababu kilichooneshwa sio gemu yenyewe ilivyo kwa sehemu kubwa. Huko mtu analalamika anasikilizwa. Sisi tukilalamika tunajibiwa na roboti.

Na msiniambie hawawezi kuishi bila hivyo. Gemu za kupanga hazikuanza jana, Mrusi mmoja Eugene Alemzhin alitengeneza Shariki mwaka 1994 kwenye kompyuta, 2001 ikaja Bejeweled, watu walinunua mara moja wakacheza mpaka wakachoka wenyewe. Hata huo mchanganyiko wa kupanga na safari sio ugunduzi wa hawa wa kasuku, Puzzle Quest ilikuwepo 2007, unapigana na madubwana kwa kupanga mawe. Ilipotoka Candy Crush Saga 2012 na maisha yake matano, moja linarudi baada ya nusu saa, ndo kila mtu akaona kumbe mchezaji ukimkalisha benchi anatoa hela. Wenye hiyo Candy Crush, kampuni ya King, walinunuliwa na kampuni nyingine ya gemu, Activision Blizzard, kwa dola bilioni 5.9, dili likakamilika 2016. Bilioni 5.9 za dola wakuu, kwa peremende! Biashara yenye hela hivyo inakosaje adabu kidogo kwa mtu wa Buzuruga aliyelipa kihalali?

Nilienda kuwapa nyota moja na nikaandika maoni marefu kwa Kiswahili. Wamejibu kwa Kiingereza wanafurahi kwamba naipenda gemu yao. Chini yangu kuna watu wengi wanalia kilio hichohicho, wengine simu zimeharibika wameingia kwenye simu mpya wameanzishwa levo ya kwanza, na kila mmoja kajibiwa jibu lilelile mpaka nukta.

---

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu, nijibu machache maana mengine ni matusi tu.

Mkuu uliyesema nicheze gemu za mpira kama wanaume, hongera kwa uanaume wako, ila hizo gemu zako nazo zinauza wachezaji kwenye maboksi usijue nani yumo, sote tunaliwa.

Anayeniambia nizime data ndo nicheze, soma uzi tena taratibu, HAIFUNGUKI bila mtandao. Ndo kiini cha kilio chote.

Dada uliyesema upeleke saa mbele ili mioyo ijae, ile mbinu ilikuwa inafanya kazi zamani, sasa saa inasomwa kwao huko sio kwenye simu. Asante hata hivyo, wewe ndo umejibu kitu cha maana.

Kuna aliyependekeza nitafute toleo la zamani nje ya duka nilipakue nizuie apdeti. Nimewaza sana hilo, lakini simu hii ndo ina laini yangu ya miamala na hela za wateja ziko humo, siwezi kuweka faili nisilojua limepikwa na nani. Kama kuna mwenye uzoefu na hilo aseme ila sio kwa kukisia.

Na wewe unayeuliza kwa nini nisiifute. Nimebakiza sura mbili mkuu. Mbili! Yule mzee inaonekana yuko hai, kuna barua waliikuta kwenye hekalu la mwisho ina mwandiko wake. Ndo hapohapo wameweka lango la funguo kumi na tano. Hesabuni matangazo hayo ni mangapi. Kama kuna mtu humu kaimaliza aje PM anisimulie mwisho wake niifute leo leo niwe na amani.

Mengine mawili nahitaji msaada wa kweli. Moja, Tume ya Ushindani, FCC, wanapokea malalamiko ya mlaji, je kwa kampuni isiyo hata na ofisi Tanzania wana meno? Aliyewahi kujaribu atujuze utaratibu, risiti ya malipo ninayo kwenye email. Mbili, nitajieni gemu ya kupanga yenye safari au hadithi, unalipa mara moja, inacheza bila data, na haiuzi mkeka kwa mtoto. Alhamisi navuka tena na mzigo.

Wabheja.