Vinkristini: kwa nini kwenye mfuko wa dripu na si bomba la sindano?

MamaZuu
Habari zenu. Binti yangu ana miaka 6, anatibiwa saratani ya damu, ile lukemia ya watoto inayokwenda kasi. Jumatatu alipewa dozi ya pili ya vinkristini, dawa ya saratani inayoingizwa mshipani. Safari hii nilisoma mfuko: "MSHIPANI TU. INAUA IKIPEWA KWA NJIA NYINGINE." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Tena dawa yake ya uti wa mgongo wameisogeza siku nyingine kabisa. Leo ni siku ya tatu, taya zinamuuma na hajapata choo.

NesiWaKemo
Pole sana mama. Nimefanya kazi wodi ya saratani miaka 11, na maandishi hayo ukiyaona ujue watu wako makini.

Wagonjwa wa lukemia hupewa pia methotreksati, dawa nyingine ya saratani, kwa sindano kwenye uti wa mgongo. Zamani dawa zote mbili zilifika kitandani kwenye mabomba yanayofanana, na vinkristini ikaingizwa mgongoni kwa makosa. Ikifika huko inaharibu neva, na karibu wote waliopatwa na hilo walifariki. Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, maana hakuna daktari atakayeudhania mfuko kuwa dawa ya mgongo. Kutenganisha siku ni kinga hiyohiyo.

Taya na choo ni kazi ya dawa hii kwenye neva. Piga simu wodini leo wakupe cha kulainisha choo. Usimwekee dawa wala maji njia ya haja kubwa, kinga yake iko chini. Mwangalie pia anavyotembea: akianza kuburuta vidole vya miguu, waambie.

BabaJunior
Niongeze la kanula, kile kimrija cha dripu kinachoingia mshipani. Mwanangu alisema "baba, inachoma", nesi akajibu ni ubaridi wa maji tu. Nami nikanyamaza. Dawa ilikuwa inavuja nje ya mshipa, na kidonda kilichukua miezi kupona. Mtoto akisema inachoma, simama, sema isimamishwe. Usione aibu.

NesiWaKemo
Baba Junior, umenigusa. Ikivuja, dripu inafungwa papo hapo, na kanula haing'olewi kwanza: tunavuta kupitia hiyohiyo dawa iliyobaki. Halafu kitambaa cha uvuguvugu. Kwa baadhi ya dawa nyingine za kemo, yaani za saratani, huwekwa barafu, kwa vinkristini hapana.

MamaZuu, kuna dawa nyingine yoyote anatumia? Hasa ya fangasi?

MamaZuu
Ipo. Alikuwa na utando mweupe mdomoni, nikampeleka zahanati ya jirani wiki iliyopita. Boksi limeandikwa itrakonazoli. Sikuwaambia wodini, nilidhani ni jambo dogo.

NesiWaKemo
Mama, piga simu sasa hivi, kabla ya dozi ya jioni. Itrakonazoli inazuia ini kuivunja vinkristini, kwa hiyo dawa inabaki mwilini kwa wingi na kuzidi kuumiza neva. Huenda ndiyo sababu ya taya na choo. Watajie majina ya dawa zote mbili. Hukufanya kosa, ilikuwa kazi yetu kukuuliza.

MamaZuu
Nimepiga. Wamesema nisimpe tena, nimlete leo na boksi nilibebe. Tunatoka sasa.