Tupeane uzoefu: bei ya soya mnaisomaje kabla ya kununua?

Wadau wa Nairobi, mnaofuga na mnaosaga: mnajuaje kama soya itapanda? Mimi nasaga chakula cha kuku huku Ruai, na bei ya Chicago (soko la Marekani linaloongoza bei ya soya duniani) peke yake siifuati. Agosti 2024 kule ilishuka chini ya dola 10 kwa busheli (kama kilo 27), kwani Marekani ilitarajia mavuno makubwa. Hapa mabroka wakaniambia soya hakuna. Zambia na Malawi zilikuwa zimetangaza janga la ukame mapema mwaka huo, na sisi tunawategemea majirani. Leteni yenu.

Mama Tray, Kahawa Wendani
Kwangu ni kalenda tu. Kusini wanavuna Aprili na Mei, bei inalegea. Ikifika Januari, stoo zimekauka na kila mtu anakulilia. Mwenye hela na mahali pakavu anunue Juni. Na jamani, msiwape kuku soya mbichi kwa sababu imeshuka bei! Isipokaangwa hawaimeng'enyi vizuri, mayai yanapungua, faida yote kwisha.

Mzee wa Nafaka, Nyamakima
Bei ya gunia bila unyevu ni hadithi. Mimi natia mkono mpaka katikati, maana juu huwa wamepanga kavu. Natoa punje, naweka jinoni. Ikipasuka kwa mlio, tunaongea. Ikibonyea, hiyo unalipia maji, na wiki chache itaota ukungu. Kuna msambazaji aliniletea gunia za namna hiyo, akaniambia eti ni umande wa safarini. Lori zima lilipata umande!

Kijana wa Broila
Mzee, shikamoo. Kwani Brazil wana soya ya kumwaga, si tulete tu?

Mzee wa Nafaka, Nyamakima
Marahaba. Ya Brazil karibu yote ni GMO, yaani imebadilishwa vinasaba. Hapa ilipigwa marufuku 2012, baraza la mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, kesi zikaanza. Nani ataweka pesa yake kwenye meli huku wanasheria wanabishana?

Mwanzisha mada
Hapo mzee umegonga. Ila Chicago siitupi kabisa, maana mashudu (makapi ya soya iliyokamuliwa mafuta) kutoka nje yanafuata bei ya huko, na soya ikikamuliwa karibu asilimia 80 ni mashudu. Pia naangalia dola. Januari 2024 ilikuwa inagonga shilingi 160, katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Tofauti hiyo kwa mzigo wa lori si mchezo.

Kwa msimu ujao mimi nasubiri mvua ya Januari na Februari huko Zambia, ndipo maganda yanajaa. Ikinyesha vizuri sijazi stoo. Ikikatika, nanunua kabla vibali vya kuuza nje havijabanwa.

Mama Tray, Kahawa Wendani
Ukinunua niambie, tuchange lori.