Mchumba wangu ni mwema, ila begi langu bado liko chini ya kitanda

Fundi_Cherehani:
Habari zenu wadau. Naomba ushauri, tafadhali msinicheke.

Nina miaka 31, ni fundi nguo hapa Morogoro. Wazazi wangu waliachana nikiwa na miaka minne. Hadi namaliza darasa la saba nilikuwa nimehamishwa mara tano: kwa shangazi Korogwe, kwa bibi Lushoto, kwa baba mdogo, kwa mama wa kambo, kisha nikarudishwa kwa shangazi. Hakuna aliyewahi kuniambia mapema. Natoka shule nakuta nguo zangu zimetiwa kwenye mfuko wa rambo, naambiwa nawa miguu, twende stendi. Mwishowe nikawa nazikunja mwenyewe kabla hawajazikunja wao.

Sasa nimeposwa. Hanipigi, hanitukani. Lakini asipojibu meseji kwa masaa mawili tu, tumbo linanikaza, mikono inakuwa ya baridi, navuta begi. Lipo tangu tuanze: kitenge, vyeti, nauli. Mwezi uliopita alikwenda Mbeya kikazi, simu ikamwishia chaji njiani. Aliporudi alikuta nimeshahamia kwa rafiki yangu. Hakugomba. Aliniuliza, "Nimekukosea nini?" Nikakosa la kusema.

Nimeombewa, na imani ninayo, ila begi halijatoka. Yupo aliyepona hali hii? Na nimwambieje?

Baba_Wawili:
Pole dada. Mimi baba alikuwa mlevi. Akiingia na kelele najificha bandani kwa mbuzi. Nimeoa, mke akipandisha sauti kidogo natoka nyumbani mpaka usiku wa manane. Alidhani nina mwanamke. Nilimweleza mchana, tumeshiba, hatujagombana, na hilo lilisaidia. Tukakubaliana nikitaka kutoka niseme, "Natoka, narudi saa tatu," na saa tatu niwe mlangoni. Mwaka wa kwanza nilishindwa mara nyingi. Huu ni wa sita.

mkwe_mtarajiwa:
Usimwambie. Posa imeshapokelewa, atakuona mgonjwa.

Nesi_Kanda:
Hapo nakataa. Mwanaume ameshaona amehamwa, akinyimwa sababu atajitungia yake.

Dada, nafanya kazi kitengo cha afya ya akili. Mtafiti Mary Ainsworth alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955, vijiji vya karibu na Kampala, akiwatembelea akina mama 26 na watoto wao 28. Aliona mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa akacheza mbali, kisha hurudi kumgusa. Asiye na uhakika hulia hata akiwa amebebwa. Nikikusoma namwona huyo wa pili: umebebwa, unalia.

Na usiwachukie ndugu zako kwa kukulea. Wengi wetu tumelelewa na bibi tukakua salama. Kilichokuumiza wewe ni kuhamishwa bila neno, mara tano. Mwili ulijifunza kuwa kimya cha mtu mzima maana yake ni stendi, na hauwezi kulisahau hilo kwa kuambiwa tu. Unahitaji kuona mtu akiondoka na kurudi, tena na tena, mpaka uzoee.

Tumbo likikaza, kanyaga sakafu kwa nyayo zote, toa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta, ndipo ushike simu. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili. Begi usilitupe kwa kulazimishwa na mtu.

Fundi_Cherehani:
Asanteni. Nimemwambia jana mchana, baada ya kula. Nilitetemeka mpaka nikashika meza. Akaomba alione begi. Nikalivuta, nikalifungua mwenyewe, hakugusa kitu. Akatazama zile hela akaniuliza kwa upole, nauli hii ni ya kwenda wapi?

Shangazi alishafariki. Nyumba ya Lushoto imeuzwa. Sikuwa na pa kutaja.

Jumatatu nakwenda kliniki, amesema atanisindikiza mpaka getini.