Mwanglikana aliyehamia Cork asali wapi?

Wapendwa, salaam. Nimefika Cork, Ireland, mwezi uliopita kutoka Mombasa kwa kazi ya uuguzi. Nimelelewa ACK, Kanisa la Anglikana la Kenya, lakini huku naona makanisa ya Kikatoliki na yaliyoandikwa "Church of Ireland". La Anglikana silioni. Mwenye kujua anielekeze.
Mgeni wa Cork

*

Karibu sana dada, na pole kwa baridi.

Hilo la Church of Ireland ndilo letu. Jina linachanganya wengi. Tangu 1871 si kanisa la serikali tena.

Mimi nasali St Anne's, Shandon, kilimani kaskazini mwa mto Lee. Ukipotea, inua macho utafute samaki wa dhahabu juu ya mnara: ni samoni, anaonyesha upepo unakotoka. Shandon kwa Kiairishi maana yake ngome ya kale, na mtu wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa ngome.

Kanisa la awali liliharibiwa mji ulipozingirwa 1690, hili likajengwa 1722. Tazama mnara vizuri: pande mbili mawe mekundu, pande mbili meupe. Birika la ubatizo ni la 1629, lilinusurika vita, na kila nikipita naligusa ukingo. Vizazi vingapi vimeinamishwa pale!

Kengele ni 8, zilisubiwa Gloucester, Uingereza, 1750. Hazibembei, hupigwa kwa kamba kutoka chini, na hata mgeni huruhusiwa kupiga wimbo kwa kufuata namba. Kubwa kuliko zote imeandikwa kwa Kiingereza kwamba huwaita walio hai kanisani, na wote kaburini. Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza nilikuwa nimetoka kufiwa na baba, nikakaa kimya muda mrefu.

Kupanda mnara kuna kiingilio, ibada haina. Ngazi ni 132 na nyembamba, usipande na mtoto mgongoni. Na saa ya mnarani, ya 1847, ina nyuso nne zisizokubaliana mpaka saa kamili ifike, kwa hiyo ukiwahi zamu fuata ya simu yako.
Kaka yako, Shandon

*

Ahsante kaka, Mungu akubariki. Jumapili hii sina zamu, nitakuja. Nivaeje?

*

Leso yako ya kawaida yatosha, ila sweta usiache. Kuta za mnara zina unene wa mita 2 hivi, na ndani hakupati joto hata Julai. Mke wangu atakungoja mlangoni.