Naomba msaada: namtafuta babu wa ukoo wa mume, alitoka Ireland miaka ya 1850, nimekwama Lowell

MamaWawili

Hamjambo wadau. Mimi ni Mkenya naishi Lowell huku Massachusetts, mume wangu ni Mmarekani ila asili yao ni Ireland, na mama mkwe ambaye sasa ana miaka 80 na kitu amenikabidhi mfuko wa makaratasi akaniambia wewe ndiye mwenye subira kwa hii nyumba, hebu nitafutie huyu mzee wetu alitoka wapi hasa. Wao wanajua tu ni County Cork, basi. Mimi kwetu Nyeri nikikaa na shosho ananitajia watu mpaka tunafika kwa mbari, hawa wamefika kwa mtu mmoja wakaishia baharini.

Mtu mwenyewe ni babu yake marehemu baba wa mama mkwe. Jina lake nalificha, tumwite Patrick, na ukoo wao ni mojawapo ya zile kubwa za Cork kama Sullivan na McCarthy, yaani ukitafuta kwa kompyuta unaletewa watu mpaka unafunga.

Nilichonacho: sensa ya 1860 yuko hapa Lowell, kibarua, miaka 25. Sensa ya 1870 ana miaka 38!! Ya 1880 ana 45 na anafanya kazi kiwanda cha pamba. Ya 1890 sijaipata kabisa sijui kwa nini. Ya 1900 inasema alizaliwa Machi 1833 na aliingia Marekani 1852, halafu mkewe ameulizwa amezaa watoto wangapi, 9, walio hai wangapi, 5. Hapo niliacha kusoma nikaenda kuweka chai. Karatasi ya uraia ya 1868 inasema tu ametoka Ireland na anamkana Malkia Victoria. Cheti cha kifo cha 1904 kinataja baba Daniel na mama Honora, wote wamezaliwa "Ireland", mwisho wa habari.

Kwa orodha za meli nimepata akina Patrick watatu wa jina hilohilo walioshukia Boston na wengine New York, wote wameandikwa kibarua, Ireland. Sasa nitajuaje ni yupi? Na hiyo miaka mbona haieleweki, alikuwa anaidanganya serikali ama? Mume wangu naye anashikilia kwamba jina lilibadilishwa Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji New York, eti zamani lilikuwa na O' mbele.

KakaMkavu

Dada mzee wa watu alikimbia njaa kwao na nyie bado mnamtafuta kama anadaiwa mkopo. Ila mkigundua kuna shamba huko nistueni.

MzeeWaMafaili

Dada karibu, umeanza vizuri kuliko wengi, ila naomba uachane na meli kwanza. Meli inawapotezea watu muda sana. Orodha za abiria za miaka ile zinaandika jina, umri, kazi na nchi, haziandiki kijiji, kwaiyo hata ukimpata Patrick sahihi hujapata kitu ambacho hukuwa nacho. Unachotafuta ni PAROKIA, na ikiwezekana kitongoji. Ireland imegawanywa vitongoji zaidi ya elfu 60, vingine ni mashamba machache tu, na bila hicho utabaki unaelea juu ya Cork nzima mana ndo kaunti kubwa kuliko zote kule.

Ellis Island mwambie shemeji ilifunguliwa Januari 1892, mzee wenu ana miaka 40 ndani ya nchi hapo. Hata Castle Garden ya New York ilianza kupokea wahamiaji 1855. Na hizo stori za karani kubadilisha majina ni stori tu, makarani walikuwa na orodha iliyokuja na meli. Hiyo O' familia nyingi walishaiacha hukohuko Ireland, wengine wakairudisha baadaye walipoanza kujivunia asili yao, kwaiyo tafuta yenye O' na isiyo na O' na kila spelingi unayoweza kuiwaza.

Miaka hakudanganya. Watu wengi hawakuwa na haja ya kujua walizaliwa lini, karani wa sensa anagonga mlango anajibiwa na yeyote aliyepo, anaweza kuwa hata mpangaji. Chukua kati ya 1830 na 1836 utembee nayo. Sensa ya 1890 usihangaike, iliharibiwa na moto pale Washington mwaka 1921, vilibaki vipande vichache sana.

Sasa kazi yenyewe. Patrick mwenyewe karatasi zake zimeshasema zinachojua, kwaiyo wageukie waliomzunguka. Watu wa Cork hawakuja mmoja mmoja wakatawanyika, alikuja kaka, akamtumia nauli dada, akaja binamu, wakapanga mtaa mmoja. Rudi kwenye ile sensa ya 1860, usiangalie mstari wake tu, soma ukurasa mzima na wa mbele na wa nyuma, andika kila mtu mwenye ukoo wake na ukoo wa mkewe. Afu tafuta vyeti vyao vya vifo. Massachusetts imeandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa jimbo zima tangu 1841, hiyo ni bahati ambayo majimbo mengine mengi hawana. Ukikuta mtu mwingine Lowell aliyefariki na wazazi wake ni Daniel na Honora, umempata ndugu. Na cheti cha ndugu au kaburi lake linaweza kusema kile ambacho cha Patrick hakikusema.

Pili, kanisani. Ndoa yake na ubatizo wa wale watoto 9, WOTE, hata wale 4 waliofariki, hao ndo wanasahaulika na hao ndo wanasaidia. Kila ubatizo una wasimamizi wawili na hawakuchukuliwa barabarani, ni ndugu au watu wa nyumbani. Jina likijirudia kwa watoto wawili watatu mfuate huyo.

Tatu makaburi. Hapohapo Lowell kuna makaburi ya St. Patrick, yapo tangu 1832, na Waairishi wa zamani walikuwa na tabia ya kuchonga mpaka parokia waliyotoka. Nenda kwa miguu, usitegemee picha za onlaini.

Nne, gazeti la Boston Pilot. Kuanzia 1831 mpaka 1921 lilikuwa na matangazo ya watu wanaotafuta ndugu zao, fulani wa parokia fulani alishuka Boston mwaka fulani, mara ya mwisho alionekana anajenga reli, dada yake anamtafuta. Boston College wameyaweka kwenye kanzidata. Unaweza usimkute Patrick ukamkuta mtu wa kwao.

Afu angalia kama alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, umri wake ulikuwa unaruhusu na Massachusetts ilikuwa na vikosi vya Waairishi, kama kile cha 28. Mjane akiomba pensheni ilibidi athibitishe ndoa na watoto, kuna mafaili ya mjane yana barua za padri, viapo vya majirani, kila kitu. Yapo Washington.

Uraia wa kabla ya Septemba 1906 usitegemee, ni kama ulivyouona, unamkana Malkia basi umemaliza.

Nesi_Dublin

Nimesoma nikacheka hapo kwa chai 😂 Mimi Mtanzania nipo Dublin, hii kitu ni ugonjwa wa taifa huku, kila kiangazi wanakuja Wamarekani na mabegi ya karatasi.

Niongezee upande wa huku. Msishangae kuambiwa nyaraka zimeungua. Ofisi ya kumbukumbu ilikuwa pale Four Courts, majengo ya mahakama hapa Dublin, Juni 1922 vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza jengo likalipuka na kuungua, sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 karibu zote zikaenda humo pamoja na wosia na daftari nyingi za kanisa la Anglikana. Watu wanadhani na za Kikatoliki ziliungua, hapana, zile zilikuwa zinakaa parokiani kwa mapadri wenyewe. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliziharibu, na za 1881 na 1891 zikageuzwa malighafi ya karatasi wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Yaani hata moto haukuhusika. Sensa kamili ya zamani kabisa utakayoikuta ni ya 1901, ipo bure mtandaoni, ila mzee wenu alishaondoka siku nyingi.

Uandikishaji wa vizazi kwa Wakatoliki umeanza 1864 kwa hiyo naye haumhusu. Kwa hiyo umebaki na ubatizo, na Maktaba ya Taifa hapa iliziweka picha za daftari za parokia za Kikatoliki mtandaoni bure tangu 2015, nyingi zinafika mpaka 1880. Ila ni picha, ni maikrofilamu, mwandiko wa padri mwenye haraka na wino umefifia, nyingine Kilatini. Patrick anakuwa Patricius, John ni Joannes, James ni Jacobus, William utamkuta Gulielmus. Honora mtafute pia kama Hanora, Nora, Norry, Hannah.

Na kabla hamjauliza, paspoti ya Ireland haipatikani kwa mzee wa mbali hivyo. Mpaka babu au bibi yako mwenyewe awe amezaliwa kisiwani, zaidi ya hapo inategemea kama mzazi wako alishajiandikisha kabla wewe hujazaliwa.

Njeri_wa_Kawangware

MamaWawili wewe ni mtu wa Nyeri na hujaona?? Hawa watu wanapeana majina kama sisi! Kijana wa kwanza babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Tofauti ni kwa wasichana, wao wa kwanza anapewa bibi mzaa mama, sisi tunaanza na mama ya baba. Sasa panga hao watoto 9 vile walizaliwa, kijana wa kwanza akiwa Daniel hicho cheti cha kifo kilisema ukweli, na majina ya wa pili na msichana wa kwanza yanakupa wazazi wa mama yao bila hata kutafuta. Ni desturi si sheria, wengine walikuwa wanaruka, lakini ukiona inaingia yote ujue uko kwa njia.

MamaWawili

Jamani asanteni. Njeri hapo umenimaliza, nilikuwa nimeyapanga kwa alfabeti 🤦🏾‍♀️ Nimeyapanga upya: Daniel, halafu Timothy, msichana wa kwanza Ellen, wa pili Honora. Honora wa pili tena baada ya miaka minne, kumbe yule wa kwanza alifariki wakarudia jina. Kwa hiyo wazazi wa mke ni Timothy na Ellen nadhani, na kwa kweli cheti cha ndoa kinasema hivyohivyo, kilikuwa kwa mfuko siku zote chini ya bili za stima.

MzeeWaMafaili nimefanya vile ulisema. Kwa sensa ya 1860 nyumba ya pili kutoka kwao kuna mwanamke anaitwa Mary, ameolewa na mtu wa ukoo mwingine kabisa ndio maana sikuwahi kumuona, na ndiye msimamizi wa ubatizo wa Daniel na pia wa Honora mdogo. Cheti chake cha kifo ni 1889: baba Daniel, mama Honora!!! Nilipiga kelele mpaka watoto wakatoka chumbani.

Tukaenda makaburini na mume, jiwe lake limeinama kidogo na limeota kuvu, tukalisoma kwa kumulika tochi ya simu kutoka pembeni. Inasema mzaliwa wa parokia ya Drimoleague, Co. Cork. Limesimamishwa na kaka yake. Kaka yake ni nani tena kama si Patrick.

Sasa niko kwa daftari za Drimoleague na nimepata Patrick wawili, mmoja 1832 na mwingine 1834, baba wote Daniel, ukoo uleule. Mama mmoja ni Honora na mwingine ni kama Johanna ila mwandiko ni mbaya. Nichukue wa Honora nimalize?

MzeeWaMafaili

Usimalize. Wa Honora ndo anaongoza ila mtafute Mary kwanza. Kama kwenye daftari hilohilo kuna Mary wa Daniel na Honora, umri unalingana na jiwe, na wasimamizi wao wanatoka ukoo mmoja, hapo nitakubali. Na huyo Patrick wa Johanna mfuatilie pia, ukikuta alioa hukohuko au alizikwa hukohuko umemtoa kwenye hesabu. Huwezi kumchagua mmoja kwa sababu mwingine hasomeki.

Nesi_Dublin

Hongera dada, Drimoleague ni kule Cork magharibi, si mbali na Skibbereen, njaa ya 1845 mpaka 1852 iliwapiga vibaya sana watu wa upande ule.

Ukishajua parokia fungua daftari za zaka, zile za kati ya 1823 na 1837, zinaorodhesha waliokuwa na shamba. Daniel akiwa na kipande hata kidogo anaweza kuwemo na kitongoji kimeandikwa. Halafu fungua tathmini ya ardhi ya Griffith, ipo bure, Cork waliipima mwanzoni mwa miaka ya 1850, yaani wakati huohuo Patrick anaondoka. Inataja mpangaji, mwenye ardhi, ukubwa wa shamba, thamani ya nyumba, na kuna namba inayokupeleka mpaka kwenye ramani.

Usipomkuta Daniel humo usikate tamaa, mtafute Honora kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu mume akifa mjane ndiye anayeandikwa. Na kwa vile Cork magharibi majina yanafanana mno, wapimaji walikuwa wanaongeza kitu kwenye mabano kuwatofautisha, jina la baba au rangi ya nywele. Hayo mabano yanakili vilevile yalivyo hata kama huyaelewi, halafu leta picha hapa.